Dada Ohn Sein Aliyejiruka Kwenye Dua

Kwa miaka tisa, kila asubuhi, niliombewa dua nisiyoitaka. "Nyunt Tin apate amani. Nyunt Tin asidhurike. Nyunt Tin aishi kwa raha." Sauti inapenya ukuta wa mianzi, nami nakoroga mchuzi wa samaki wa tambi zangu za kuuza, nasikia hasira. Nyunt Tin ni mimi. Aliyekuwa akiniombea ni jirani yangu Ohn Sein, msuka mikeka, mjane asiye na mtoto. Alikuwa na kila sababu ya kunilaani.

Maana mimi ndiye niliyesema. Mwaka ule mto Irawadi ulipoanza kula ukingo wetu, Thet, mdogo wake Ohn Sein, alimwuliza, "Dada, nitoe cherehani sasa?" Akamjibu asubiri mvua ikatike. Adhuhuri ile ile ukingo ukaporomoka, ukaenda na Thet na cherehani yake. Siku ya saba ya msiba, watawa wakiwa bado wanakula chakula cha sadaka, nikafungua domo langu mbele za watu: "Huyo hapo ndiye aliyemwua mdogo wake." Ulimi hauna mfupa jamani. Ohn Sein alinijazia chai kikombe changu, akaenda kwa mgeni mwingine.

Baadaye akaanza kwenda kwa mtawa Wimala, kule kilimani, kujifunza kukaa kimya na kufuata pumzi yake. Akafundishwa pia dua ya upole. Dua hiyo ina mpangilio, hata watoto wetu wanaujua: unaanza na nafsi yako, kisha umpendaye, kisha usiyemjua, kisha adui yako, mwisho viumbe vyote. Ohn Sein alianzia kwa Thet. Akaja kwa muuza chumvi, akaja kwangu, akamalizia na mchwa na nyoka.

"Umejiruka tena," mtawa alimwambia siku moja, nami nipo. "Mtungi mtupu utamnywesha nani?"

"Nitajifikia, mwalimu. Wengine kwanza."

Kijiji kizima kikamsifu. Huyo ndiye mtu, walisema, si kama Nyunt Tin na mdomo wake. Hakuna aliyeona kuwa yule mama anajiadhibu. Mimi niliona, nikanyamaza.

Mwaka huu mto ukarudi. Ukingo ulimeguka kwa kishindo kama cha magunia yanayotupwa chini, mchana kutwa, hata maongezi yakawa yanakatika katikati. Tukakubaliana kuhamisha nyumba kumi na mbili. Kwetu nyumba ya mianzi haibomolewi, inabebwa: wanaume arobaini wanaingia chini yake na miti mabegani, hoihoi, hao! Mkuu wa kijiji akapanga zamu, nyumba iliyo karibu zaidi na maji itangulie. Ya kwanza ilikuwa ya Ohn Sein.

Akaitoa zamu yake kwa mama aliyejifungua juzi. Ya pili akampa mzee mwenye mguu mbovu. Kesho yake akawaambia wanaume, "Mbebeni Nyunt Tin, ana masufuria mengi." Nami, bila haya, nikakubali. Nilifuata nyuma ya nyumba yangu wala sikugeuka kumtazama.

Mbwa wake akahama mwenyewe. Ufa wa ardhi ukafika kwenye kibao cha mtungi wake wa maji, ukapita chini yake. Ikabaki nyumba moja, yake, na mvua ikawachosha wanaume. "Tutambeba kesho," wakasema. Nikalisikia hilo neno. Nikaacha sufuria jikoni nikakimbia.

Nikamkuta juu ya mkeka, macho kayafumba.

"Toka, dada!"

"Watakuja kesho kuibeba."

"Nyumba na izame! Nimekufuata wewe."

Akafumbua macho. "Thet hakutoka, Nyunt Tin. Mimi nitoke kwa haki gani?"

Nikakaa mbele yake, magoti yakagusana. "Basi na mimi sitoki."

"Wewe una wajukuu, mwendawazimu!"

"Nisikilize. Siku ile hata mimi nilimwambia Thet asubiri. Alinipitia, nikamwambia mvua hii ni ya kupita tu. Nikakutupia wewe lawama watu wasije wakaniuliza. Nisamehe, dada." Sakafu ikatikisika, vikombe vikagongana. "Unaniombea mimi, mbaya wako, kila siku. Mimi nastahili, wewe hustahili? Anza mwanzo. Sema!"

Sikujua kama atanizaba kofi. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini: "Na mimi nipate amani." Akalia. Akasema tena, "Na mimi nisidhurike." Tukalia wote wawili kama watoto wachanga.

Akasimama, akajifuta uso, akakunja mkeka wake. Alikuwa anatoka, nawaapia, alikuwa anatoka kwa hiari yake. Ngazi za nyumba zetu zinapitisha mtu mmoja mmoja.

"Tangulia," akaniambia.

Mazoea. Na mimi, kwa mazoea yangu, nikatangulia. Nilishuka vipandio vinne, nikatembea hatua kama kumi kwenye tope. Nilisikia kishindo, nikageuka. Pale palipokuwa na nyumba palikuwa na maji ya rangi ya chai.

Siku hizi nami napanda kilimani kwa mtawa Wimala. Nakaa, nafuata pumzi, nafika kwenye mstari wa kwanza. "Na mimi" inakataa kutoka. Basi nausema kama alivyokuwa akiusema yeye, upande wa pili wa ukuta: Nyunt Tin apate amani. Nyunt Tin asidhurike. Mtawa anasema si vibaya, mradi nisijiruke.