Nilichomjibu Daktari kwa Niaba ya Mama

Harufu ya spiriti ndiyo hunirudisha nyumbani. Wenzangu wakiisikia wanawaza sindano. Mimi naliona boma letu kule Gendabi, mama amekalia ngozi ya ng'ombe, macho chini. Msinicheke. Wapo wanaokumbuka utoto kwa harufu ya maandazi, mimi nimeachiwa spiriti.

Ulikuwa mwaka ambao mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya kabisa, hata mwalimu alikuwa anakosea, anaandika Arusha ubaoni, kisha anafuta. Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa ameugua muda mrefu. Ulianza mkono, ukawa unaruka wenyewe kama unafukuza nzi. Ikafuata shingo, kisha miguu, mwisho ulimi. Akinywa maziwa, nusu yanaingia mdomoni na nusu yanaishia kifuani. Mnadani Katesh walisema ni pombe ya asali, mtu ambaye hata kuonja alishaacha. Shuleni watoto waliigiza mwendo wake. Niliwachukia, jamani, na kidogo nilimchukia na yeye. Hilo nalisema kwa aibu.

Ndipo akaja daktari mmoja mwanamke, mtafiti kutoka mjini, mpole sana. Alikuwa anatafuta familia ambazo ugonjwa kama ule unashuka kwenye damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Akikuta umeshuka, alisema, atachukua damu ya baba na yetu sote, na sisi watoto tukikua tutaweza kujua mapema nani ameurithi. Dawa ya kuuponya hakuwa nayo, na hakuficha. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei za mnadani, na maneno ya baba yalikuwa hayaeleweki tena. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Daktari akachora vijiduara na vijisanduku kwenye karatasi: baba, mama, mimi, na kaka yangu mkubwa Gidamis, ambaye siku hiyo alikuwa malishoni. Akafungua chupa ya spiriti, akaweka pamba tayari. Kisha akaniambia, "Hebu muulize mama, babu yako mzaa baba naye alitetemeka hivi?"

Sasa, kwetu Wabarbaig mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake, awe hai au amekufa, wala habari zake hazisimulii. Mama akainamisha kichwa. Akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, "Huyo mimi simzungumzii. Mwambie aende Gehandu kwa shangazi yako. Yeye ni binti yake, atamweleza yote."

Hayo ni maneno ya mama. Sikilizeni na yangu. Nje ya uzio walikuwa wamejazana watoto wa shule, nawasikia wanavyocheka. Nilitaka tu yule daktari aondoke na gari lake, tuache kuwa watu wa kutazamwa. Nikasema, "Anasema hapana. Hakuna mwingine."

Akaandika. Akafunga chupa, akasema basi huenda ni ugonjwa wa aina nyingine, akamshika baba mkono kwa upole, akaenda zake. Mama akanisifu kwa kufikisha maneno vizuri.

Baba alipokufa, shangazi alikuja msibani. Alilia mbele ya watu wote kwamba kaka yake amekufa kifo cha baba yao, kutetemeka kulekule, ulimi kufungwa vilevile. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siri yangu nikaificha, hata kwa Gidamis. Gidamis akaoa, nami nikacheza kwenye harusi yake mpaka nikakauka sauti. Akapata watoto watatu. Miaka michache iliyopita mkono wake ukaanza kuruka.

Damu ile isingemponya yeyote, hilo nalijua. Ingempa kaka yangu nafasi ya kuamua mwenyewe, nami nimemnyang'anya kwa sababu ya kuona haya. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba mila ya mama ndiyo iliyotuponza. Wapi! Mama alishika heshima yake, na bado alisema mtu wa kuulizwa ni nani na anakaa wapi.

Siku hizi mama ni mzee, na ndiye anayemlisha mwanawe uji. Nikienda kuwaona, huniuliza, kijiko kikiwa mkononi, "Hivi yule daktari alipofika Gehandu, shangazi yako hakuwepo?"

Namjibu, "Labda hakuwepo, mama."