Upande Wetu wa Mzizi

Juzi nimeletewa kitabu kinene cha mimea ya milima ya Kilosa, nikiandae kwa toleo jipya. Dibaji niliiruka. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mmea wa bibi yangu, nikasoma tena maneno yaliyonichoma tangu nikiwa mwanafunzi: mmea huu umetoweka Munisagara kwa sababu wanakijiji huchimba mizizi yake ovyo. Nilicheka, rafiki yangu, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Bibi alikuwa na kichaka kimoja tu cha mmea huo, kule kijitoni chini ya reli. Mizizi yake ilituliza matumbo ya watoto. Tulikwenda asubuhi, umande ukitulowesha magoti, mimi nimebeba jembe dogo. Alichimba upande mmoja wa mche, akakata kipande, akafukia, akakanyaga udongo kwa miguu mitupu. Mche huo hauguswi tena mpaka mvua zipite. "Upande mmoja wetu, mwingine wake mwenyewe," alikuwa akisema.

Ndipo akaja mtafiti wa chuo kikuu, kijana mpole wa shikamoo nyingi. Bibi alimchinjia kuku, akampa firigisi, ambayo tangu babu afariki hakuna aliyethubutu kuigusa. Firigisi ile inaniuma mpaka leo. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kisha akamwonyesha kichaka, na namna ya kuchimba.

Kesho yake, sisi tukiwa shambani tunapalilia mahindi, alirudi kijitoni peke yake. Jioni tulikuta mashimo, na vipande vya magazeti aliyofungia mimea yake. Hakubakiza mche hata mmoja. Bibi alipiga magoti, akafukia mashimo kwa mikono. Tangu hapo, kina mama wakija na watoto wanaolia, aliwajibu kwamba hana dawa. Wakasema anawanyima. Alikufa akiitwa mchoyo.

Mimi nikasomea mimea. Watu hudhani napenda majani, kumbe ni kinyongo.

Sasa kalamu iko mkononi mwangu, nami nimeandika: kichaka cha Munisagara kiling'olewa chote na mwandishi wa kitabu hiki, baada ya mwenyeji wake kumfundisha kuchimba bila kuua. Mwandishi amestaafu, lakini yu hai. Alipotumiwa rasimu, alipiga simu.

"Shikamoo, mzee," nilisema, maana nimelelewa.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo sentensi huwezi kuilainisha kidogo?"

"Ile firigisi ya bibi ilikuwa laini, mzee?"

Akasema ninamwonea. Mtenda akitendewa huona kaonewa. Sentensi imebaki, na usingizi wangu siku hizi ni mtamu.

Nimepita Munisagara hivi karibuni. Kijitoni pameota matete matupu. Mmea wa bibi uko chuoni, kabatini, umebandikwa kwenye karatasi, mkavu. Niliuomba, nikaushika. Mizizi yote ipo, ya upande wetu na ya upande wake.