Vitambaa Juu ya Kompyuta

Simpendi yule mwalimu mkuu, na sioni kwa nini nianze habari hii kana kwamba nampenda. Ni mtu wa tai na sauti ya mahubiri, na kila mzazi anayeingia ofisini kwake huachwa amesimama kwanza kabla ya kuonyeshwa kiti. Mimi ni mfanyakazi wa shamba la maua kando ya ziwa, kitengo cha kupanga na kufunga mawaridi kabla hayajasafirishwa, na kazi hiyo hufanywa kwa kusimama mchana kutwa. Kusimama nimezoea. Kusimamishwa ni jambo lingine.

Mwaka huo binti yangu alikuwa Gredi ya Tisa. Wenye watoto wanajua: ukifika hapo lazima uchague mkondo wa sekondari ya juu, masomo utakayoyafuata na shule unazotaka kupelekwa. Wangu alikuwa amechagua kabla hajaulizwa. Alitaka sayansi, na ndani ya sayansi alitaka kompyuta. Si kompyuta ya kuchapia barua kwenye cyber, alinieleza, bali kuandika programu zenyewe, kuiambia mashine la kufanya. Tunaishi Karagita, mimi na yeye, chumba kimoja, na jioni nikikanda miguu yangu alikuwa akinihubiria hayo mpaka sufuria inaungua. Nusu yake sikuelewa. Nilielewa tu kwamba kuna kitu mtoto anakitaka, na mimi katika umri wake hakuna aliyewahi kuniuliza nataka nini.

Ndipo mwalimu mkuu akatuita wazazi. Shule yake ilikuwa imeruhusiwa kuanza sekondari ya juu, na sasa alihitaji watoto wa kuijaza. Akasema hatuna haja ya kupeleka watoto mbali, bweni ni mzigo, na kwa wale wanaotaka mambo ya teknolojia, shule hii ina chumba cha kompyuta. Alilitamka neno kompyuta jinsi pasta anavyotamka mbinguni. Wazazi wakapiga makofi.

Chumba hicho sote tulikijua. Zile kompyuta zililetwa na wafadhili binti yangu akiwa bado mdogo. Siku ya kuzipokea tulipika pilau, na mwalimu mkuu akawaomba akina mama tulete vitambaa vya kuzifunika. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, kochi lina vitambaa mgongoni na mikononi, na jirani yangu amevalisha hata jerikeni la maji. Kitu cha maana hakiachwi wazi. Basi tukafuma. Changu kilikuwa cheupe chenye ukingo wa samawati, uzi mzuri mzito wa sweta, na nilikifuma nikitoka kazini, vidole vimejaa michubuko ya miiba. Nilikipenda kitambaa kile.

Mkutanoni niliinua mkono nikauliza watoto wetu wamezitumia lini. Mwalimu mkuu akacheka, akawaangalia wazazi wengine ili nao wacheke, nao wakacheka. Akasema hizo ni mali ya thamani, si vitu vya kuchezewa na watoto, na kwamba wakiingia sekondari ya juu watazikuta zikiwa mpya kabisa. Alijivunia jambo hilo. Miaka yote hiyo na bado ni mpya.

Nilirudi nyumbani moto. Nikamuuliza binti yangu wanajifunza vipi basi. Akachomoa kipande cha katoni chini ya kitanda, kimechorwa vitufe kwa kalamu ya wino, herufi zote mahali pake, kimelainika kwa kubonyezwa. Ndiyo kibodi yake. Kila mtoto darasani alikuwa na katoni yake. Chumbani walipitishwa mara moja kila muhula, viatu mlangoni, mikono nyuma, wakazunguka meza, wakatoka. Alinieleza hayo bila kulalamika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Tuligombana usiku huo. Yeye alitaka kuiweka shule ile chaguo la kwanza, kwa sababu ilikuwa karibu na kwa sababu alikiamini kile chumba. Mimi nilimwambia sitakubali mpaka nione kompyuta imewashwa na yeye ameketi mbele yake. Ukipelekwa mahali ambapo somo lako limefungiwa chumbani, miaka ya sekondari inakwisha, na hakuna anayekurudishia. Akasema namharibia. Akageukia ukutani, akalala na katoni yake.

Nilikwenda shuleni kuomba nifunguliwe. Nikaambiwa ufunguo uko na mwalimu fulani, na mwalimu fulani yuko Naivasha mjini. Nikaenda tena, nikaambiwa chumba hufunguliwa wageni wakija. Nikauliza mzazi ni nani kama si mgeni. Mwalimu mkuu akaniambia niende nikatulie, eti nina hasira za shamba.

Aliyepata njia ni yule jirani yangu wa jerikeni, ambaye binti yake yuko darasa moja na wangu. Wageni wa kaunti walikuwa wanatarajiwa wiki hiyo. Akasema, si tuende tukaombe vitambaa vyetu tuvifue. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mwalimu mkuu alifurahi mno. Ufunguo uliokuwa Naivasha ukatoka mfukoni mwake. Alitufungulia mwenyewe, akatusimamia tukivua viatu, akatusifu kwa moyo wa kujitolea. Ilikuwa saa ya mapumziko, na jirani yangu akawaita wasichana wetu waje wasaidie kubeba.

Ndani kulinukia duka. Kompyuta zilikuwa zimepangwa kando ya kuta, kila moja na kitambaa chake, na chini ya kitambaa karatasi ya plastiki iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Kila mama anaujua mkono wake; changu nilikiona kutoka mlangoni. Nikakikunja, nikakiweka begani. Kisha nikashika ile plastiki nikaivuta yote.

“Mama, hiyo karatasi unatoa ya nini?” mwalimu mkuu akauliza.

“Nafua, mwalimu.”

Jirani yangu alikuwa ameshainama chini ya meza akitafuta pa kuchomeka waya. Mashine ikanguruma kidogo, kioo kikawa cheusi, kisha bluu. Nikavuta kiti nikamwambia binti yangu aketi.

Hakuketi. Alisimama mbele ya ile kompyuta, miguu pamoja, mikono nyuma. Kioo kinawaka, kitu alichokitamani tangu utotoni kiko pale kinamngoja, naye mikono nyuma kama alivyofunzwa. Akamtazama mwalimu mkuu.

“Ticha, naweza?”

Hapo nilimkasirikia yeye pia, nisidanganye. Nilimkasirikia kwa kumuuliza yule mtu. Nikamkasirikia yule mtu kwa kutomjibu, maana alikuwa ameanza kunihutubia mimi kuhusu nani atalipia ikiharibika. Nikaenda nyuma ya mtoto wangu nikaitoa mikono yake mgongoni kwa nguvu, nikamkalisha.

Mwanzoni alibonyeza na kuondoa kidole haraka, mithili ya mtu aliyegusa sufuria ya moto. Jirani yangu, ambaye hata simu humpa shughuli, ndiye aliyebahatisha kufungua ukurasa mtupu wa kuandikia. Binti yangu akabonyeza tena. Herufi ikatokea.

“Imeandika,” akasema polepole.

Mtoto anayenieleza programu mpaka ugali unashika, ameduwazwa na herufi moja. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu. Sikufanya lolote kati ya hayo. Mwalimu mkuu alizima umeme ukutani, akaokota plastiki sakafuni na kuanza kuirudisha kwa mikono yake mwenyewe, akilalamika kwamba imepasuka. Tukabeba vitambaa tukatoka.

Njiani binti yangu alitangulia na mzigo wake mpaka tulipokaribia nyumbani. Nilidhani amenuna kwa vile nilimwaibisha.

“Mathe, hiyo shule siendi,” akasema. “Nataka shule yenye herufi zimefutika.”

Nikamuuliza anamaanisha nini.

“Kwa keyboard. Kama zimefutika, watu wanazitumia.”

Jumamosi tulikwenda Njoro, kwenye shule ya bweni ambako mwenzangu kazini alimsomesha mpwawe. Mwalimu wa kompyuta alituomba radhi tangu mlangoni. Mashine ni kuukuu, alisema, zinapiga kelele, na kibodi zimechoka. Binti yangu aliinama akaanza kukagua, meza baada ya meza. Herufi A haikuonekana tena. E ilikuwa imebaki mkia. Chini ya meza mtu alikuwa amebandika chingamu. Akavuta kiti akaketi bila kumuuliza mtu yeyote, nami nikaangalia dirishani ili mwalimu asinione uso.

Shule hiyo ndiyo tuliyoiweka ya kwanza. Ya mwalimu mkuu hatukuiweka popote. Wageni wa kaunti walipokuja alinipigia akiuliza kitambaa, nikamwambia bado hakijakauka. Jirani yangu alirudisha chake, na binti yake akabaki pale. Hatujaongea sana tangu hapo, na nikipita nje ya mlango wake naliona lile jerikeni limevaa nadhifu.

Binti yangu aliitwa kujiunga na shule ya Njoro. Kule ni baridi kuliko kwetu, na siku za kwanza alinipigia simu kwa simu ya shule akisema miguu haipati usingizi. Nikakitoa kile kitambaa sandukuni, nikatafuta mwisho wa uzi, nikavuta. Kilifumuka chote jioni moja, maua na ukingo.

Muhula huo huo mwalimu mkuu akanitumia ujumbe. Wageni wengine wanakuja, kompyuta moja iko uchi, tafadhali mama utuletee kitambaa chetu. Nilimjibu kwamba kitambaa hakipo tena. Nimefuma soksi, na mwenye kuzivaa analala nazo Njoro.