Mkangazi Uliozaa Makuyu

Siku Wilhelmina Shimba alipoletwa kwenye msitu wetu wa Itandula, nje kidogo ya Kiseke, mkuu wa kituo alimpokea kwa swali moja: anajua kuchora twiga? Dada wa watu amekaa chuo miaka minne Dar es Salaam akisomea usanifu wa mandhari, yaani namna ya kupanga njia, vivuli na sehemu za kukaa ili mtu atembee msituni bila kupotea na bila kuharibu. Akajibu kwamba twiga anaweza kumchora, ila Itandula hakuna twiga, na hata babu yake twiga hajawahi kupita. Mkuu wa kituo, Bwana Machibya, akasema ndiyo maana watamjenga wa saruji.

Huo ndio ulikuwa mpango wa burudani kwenye msitu wa umma: twiga wa saruji getini, lango la umbo la kopa la kupigia picha, na mabenchi kumi juu ya mwamba. Mwamba wenyewe mliokaa Mwanza hamhitaji kuelezwa. Jiwe moja pana kama uwanja wa shule, udongo juu yake unene wa kiganja. Ukikaa pale saa sita mchana hupumziki, unaiva. Lakini gari la mgeni rasmi linafika hadi pale, viatu havigusi tope, na pale pale ndipo ilipo Bustani ya Viongozi.

Bustani hiyo niieleze taratibu, maana ukiisimulia haraka watu wanadhani unawasingizia wakubwa. Kila kiongozi anayekuja kuzindua, kukagua au kupita tu akielekea kwingine anapewa koleo jipya na mche wa mkangazi. Anapanda, anapigwa picha, anasimikiwa kibao cha bati chenye jina, cheo na tarehe, anaondoka. Ikifika Agosti mizizi imeshagonga jiwe, jiwe limechemka, mche umekuwa kuni. Sasa ofisi haiwezi kukubali kwamba mti wa mkubwa umekufa, ni kama kumtabiria mabaya. Basi Mzee Nestory, mlinzi, anatumwa kwenye kitalu, analeta mche mwingine, anaupachika kwenye shimo lile lile. Vibao kumi, miti kumi, na kwa kumbukumbu ya Mzee Nestory mwenyewe, maziko arobaini na matatu. Kilichoota mizizi pale ni vibao.

Mina, ndivyo sisi vibarua tulivyomwita baada ya wiki ya kwanza, alikuwa na tabia moja iliyomkera Machibya kuliko zote: alikuwa anaangalia. Wiki tatu alishinda msituni na daftari, mimi nikimshikia futi, akiandika watu wanafanya nini. Hakuandika wanatakiwa kufanya nini, kazi hiyo ofisini wapo wengi wanaoiweza. Aliandika kwaya ya akina mama inapita wapi ikienda mazoezini, wanafunzi wanakalia jiwe gani, wapendanao wanajificha wapi. Hao wa mwisho aliwapa nambari tu, mtoto ana adabu. Na wote, bila kuitisha kikao, walikuwa wanaupita ule mwamba haraka kama wanaopita penye mbwa, wanateremka hatua kama mia tatu hadi kwenye kibonde chenye chemchemi ndogo inayovuja kati ya mawe. Pale kuna miti mikubwa, upepo unapanda kutoka ziwani, na maji unayaona yote hadi visiwani.

Akachora alichokiona. Njia ya kona kona ili mvua isije ikaigeuza mtaro, mabenchi sita kibondeni, vyoo upande ambao upepo hauleti salamu zake kwa wanaokula. Machibya aliupokea mchoro, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena, akauliza twiga yuko wapi.

Mkataba wa Mina ulikuwa wa miezi sita, Machi hadi mwisho wa Agosti. Mpango ukikubaliwa anaajiriwa. Ukikataliwa anarudi Bujora kwa baba yake, ambaye alikwisha kuwatangazia watu kanisani kwamba binti yake ni injinia wa misitu, cheo ambacho hakipo duniani. Hadi wiki ya pili ya Agosti mchoro ulikuwa umelala kwenye meza ya Machibya chini ya chupa ya chai, umepata duara la kahawia katikati. Mina akaanza kuuliza bei ya magunia ya kufungia vitu.

Ndipo ikaja barua. Mheshimiwa anakuja Alhamisi. Miaka sita iliyopita alipanda mti Itandula akiwa bado mtu wa saizi ya kati, sasa amekuwa mkubwa, na barua ilisema wazi kwamba pamoja na kukagua miradi angependa kuuona mti wake.

Machibya alitoka ofisini mbio kwenda kwenye kibao namba moja, sisi nyuma. Mti wa Mheshimiwa ulikuwa pale. Wa sita kwa ukoo, umepachikwa Aprili, majani manne, mawili ya njano. Kwenye picha iliyoko ukutani ofisini Mheshimiwa amesimama na mche unaofika kiunoni. Huu ulifika magotini, na magoti yenyewe yawe ya mtoto. Miaka sita ya matunzo ya kitaalamu, mti umerudi nyuma.

Tukasimama kama tuko msibani. Machibya akauzunguka mara mbili, halafu akamuuliza Mzee Nestory, kwa ukali, kwa nini mti haukui. Mzee akamjibu kwa upole kwamba mti unakua, ila kila ukitaka kukua unakufa.

Mchana ule ule Machibya akapata suluhisho, na kama kawaida ya masuluhisho yake lilihitaji jasho la watu wengine. Itandula miti mingi ni ya zamani, mtu mzima hawezi kuikumbatia, au ni michipukizi. Wenye umri wa kulingana na uongo wetu ulikuwa mmoja tu: mkuyu wa kibondeni, karibu na chemchemi. Historia yake ni fupi. Miaka saba nyuma Mzee Nestory alichomeka gongo la mkuyu penye unyevu ili atundikie koti lake la mvua. Gongo likachipua. Mzee akaona aibu kulinyima maji, akawa analimwagia ya kunawia. Sasa ulikuwa na urefu wa mtu juu ya mabega ya mtu juu ya mabega ya mtu, na ulizaa. Mchoro wa Mina wote uliuzunguka huo mti, mabenchi manne kati ya sita yalikuwa kwenye kivuli chake.

Machibya akaamuru tuung'oe, tuupandishe mlimani, tuusimike kwenye shimo la mkangazi. Utakuwa mbichi hadi Alhamisi, alisema, na Alhamisi ndiyo inayotakiwa.

Mina, ambaye kwa miezi mitano tulikuwa hatujamsikia akipandisha sauti, wala siku hiyo hakuipandisha.

"Mkuu, Mheshimiwa alipanda mkangazi. Ule ni mkuyu."

"Binti, mti ni mti."

Nawakumbusha kwamba msemaji ni mtaalamu wa misitu mwenye cheti ukutani na kioo juu ya cheti.

"Sawa," Mina akasema. "Kama anaweza kupewa mkuyu huku juu, anaweza kupewa kule kule chini. Tusihamishe mti. Tuhamishe kibao."

Machibya akautazama mteremko. Akauliza Mheshimiwa atafikaje kibondeni na viatu vile. Mina akasema kwa njia, ipo kwenye mchoro chini ya chupa ya chai, ina vigingi tayari, vibarua kumi na wawili wanaimaliza kwa siku nne. Mkuu akamtazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anapima nani atalaumiwa mambo yakiharibika, na jibu alilolipata likampendeza, kwa sababu alikubali.

"Ila asipoutambua," akasema, "Agosti yako imeisha siku hiyo hiyo."

Jioni Mina akamfuata Mzee Nestory, akamwamkia, akamweleza bila kuzunguka. Mti wake utavikwa jina la mtu mwingine, na akikataa yeye Mina hatamlaumu. Mzee akamsikiliza akimenya kiazi. Akauliza watu wakishakuja na kuondoka kivuli kitabaki cha nani. Mina akasema cha anayekaa chini yake.

"Basi wekeni bati lenu, mwanangu. Msipige msumari kwenye mti tu. Ukiuumiza haunisamehe."

Tukachimba siku nne. Alhamisi saa nne msafara ukaingia, magari saba kuja kutazama mti mmoja. Mheshimiwa akashuka, mtu wa tabasamu la kwenye kalenda, akaangalia kule kwenye mwamba alikokuwa anakumbuka kupanda. Machibya akaanza kutoka jasho kama mtungi. Mina akasogea, akamwamkia, akamwambia karibu, Mheshimiwa, njia ni hii. Akaongoza. Wakubwa wana jambo moja zuri, ukiwatangulia kwa kujiamini wanafuata.

Akateremka zile kona zote bila kuteleza. Alipofika kibondeni upepo ukamkuta, akavua miwani. Akaliona ziwa, akauona mkuyu na jina lake chini yake kwenye kigingi kipya. Mina alikuwa amekamata daftari kwa mikono miwili.

Mheshimiwa akaweka kiganja kwenye shina.

"Mkangazi huu," akawaambia waandishi wa habari, "nilipoupanda ulikuwa hapa." Akaonyesha kiunoni. "Walikuwepo waliosema hautashika. Mimi nikawaambia, ardhi ninaijua."

Kuyu likadondoka. Limeiva, jekundu, likatua begani kwenye suti, likabaki pale kama cheo kipya. Watu kama sitini, nusu yao wamekulia vijijini na wamekula makuyu kabla hawajajua kusoma, wakalitazama tunda la mkuyu kwenye bega la mpanda mkangazi na kila mmoja akakumbuka ana watoto wanaomtegemea. Katibu wake akalichukua taratibu kwa leso, akalitia mfukoni. Machibya akaanza kupiga makofi. Wote tukapiga.

Mheshimiwa akauliza nani anaumwagilia. Machibya akasema ofisi. Mina akasema ni Mzee Nestory, yule pale. Mzee akasukumwa mbele, akashikwa mkono mbele ya kamera, akashukuriwa kwa kumtunzia mkubwa mti wake.

"Mimi nilikuwa natundika koti tu, Mheshimiwa," akasema Mzee.

Mheshimiwa akacheka sana, akasema wazee wana utani. Halafu akageuka huku na huku akaagiza kwamba mabenchi ya wananchi yawekwe hapa, siyo kule juu kwenye jiwe, ni nani aliyewaza kuweka watu juu ya jiwe? Machibya akajibu kwamba ndivyo mpango wa ofisi ulivyo tangu mwanzo, na akautoa mchoro, wenye duara lake la chai, ukasainiwa pale pale juu ya mgongo wa dereva.

Mina akapata barua ya ajira tarehe ishirini na tisa. Baba yake kule Bujora akachinja kuku. Mabenchi yakaja, kwaya ikahamia, twiga akaahirishwa kusubiri wafadhili. Hapo ningekuwa mtu mwema ningenyamaza. Lakini barua ya ajira ilikuwa na kiambatisho. Habari za mti wa Mheshimiwa zilikuwa zimesambaa pamoja na picha, na wale viongozi wengine tisa, au wasaidizi wao, walikuwa wamepiga simu kuulizia ya kwao. Machibya akamwelekeza msanifu wake mpya, kama kazi yake ya kwanza ya kudumu, aandae ramani ya kugawa miti ya kibondeni kwa viongozi, "kwa kuzingatia unene wa shina na hadhi ya mhusika".

Aligawa. Afanyeje? Nilimshikia futi siku tatu akipima vifua vya miti na vyeo vya watu. Mti mmoja una miaka zaidi ya mia, sasa kibao chake kinasema ulipandwa mwaka juzi na mjumbe wa bodi. Alisimamia mawili tu: kibao kisiguse gome, na yale mashimo ya juu ya jiwe yasipewe miche tena.

Mzee Nestory matawi ya mkuyu wake yamepanda juu, mkono haufiki. Mvua za Novemba zilipoanza akaja asubuhi, akatafuta pa kutundika koti, akalitundika kwenye kibao cha Mheshimiwa. Likafunika jina lote na nusu ya tarehe. Machibya alipoliona akamwita Mina, akamwambia ashughulikie.

Mina akashuka, akakaa benchi la pili na daftari lake hadi mchana. Kila mwezi anajaza fomu ya matumizi ya miundombinu, kilipo kitu na watu wanakitumiaje, na fomu inapitia kwa mkuu kabla ya kwenda makao makuu. Kwenye mstari wa kwanza akaandika: Kibao Na. 1, hali nzuri, kinatumika kutundikia koti, kinafaa, kiongezwe ndoano.

Machibya akasaini. Ndoano zimeletwa juzi, ishirini, mbili kwa kila kibao.