Sabuni Kwenye Kioo

Kabla hajaolewa, Domina alifundisha chekechea ya parokia nje kidogo ya mji wa Bukoba. Mabenchi yalikuwa machache, kwa hiyo watoto wengi walikaa kwenye mkeka, na vifaa vyake vya kufundishia vilikuwa vizibo vya soda, maharage na udongo wa mfinyanzi. Baadaye mumewe Thobias, ambaye ni fundi umeme, alipata kazi Kanada. Wakahamia Toronto, kwenye mojawapo ya maghorofa ya Crescent Town. Huko Domina hakuwa mwalimu tena. Mchana alilea watoto wake wawili, Asumpta na Willy, na baadhi ya jioni, Thobias akisharudi, alikwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Asumpta alipoanza darasa la kwanza, alinyamaza. Nyumbani alizungumza kama kawaida, mama akimwambia jambo kwa Kiswahili, yeye akijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa pale. Lakini akishavuka mlango wa shule, basi. Hakumjibu mwalimu, hakumjibu mtoto mwenzake, hakuomba hata ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu wake alikuwa mtu mwema, alijaribu kila njia, na mwaka ukaelekea kwisha hivyo hivyo. Siku moja Domina alifika mapema kumchukua. Akamwona binti yake amesimama peke yake karibu na ukuta, ameshika mikanda ya begi kwa mikono miwili, akitazama wenzake wanavyokimbizana. Hakuwa analia. Alikuwa anasubiri tu siku iishe.

Wakati wa chakula cha jioni Domina alimwambia mumewe, "Nataka nimfundishe mwenyewe hapa nyumbani. Huku inaruhusiwa. Unawaarifu tu watu wa elimu."

Thobias aliweka kijiko chini. "Mama Asu, sisi tumekuja huku kwa ajili ya hizo shule."

"Najua."

"Na kama tatizo ni kuongea na watu, kumfungia ndani kutamsaidia nini?"

"Sijui kama kutamsaidia. Ila pale anaumia. Hilo nalijua."

Thobias alisogeza sahani yake pembeni. Hakuwa mtu wa kubishana. "Tujaribu mwaka mmoja," alisema mwishowe. "Halafu tutaangalia."

Septemba ilipofika, Domina alianza kwa kuigeuza sebule kuwa shule. Alinunua ubao mdogo, akabandika ratiba ukutani, akawakalisha watoto mezani asubuhi hadi mchana. Asumpta, aliyekuwa na miaka saba, alijaza hesabu kwenye karatasi huku machozi yakidondoka juu yake. Willy, wa miaka mitano, alishinda chini ya meza. Wiki ya pili Domina alimfokea Willy kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Akaenda jikoni, akashika ukingo wa sinki, akajiuliza anafanya nini. Watoto wa Bukoba hakuwahi kuwafundisha namna hii. Kwa nini wa kwake?

Kesho yake meza ilisogezwa ukutani na mkeka ukatandikwa. Siku ilianza kwa ishara ya msalaba na sala fupi, kila mtoto akitaja kitu kimoja cha kushukuru, kisha wakaenda jikoni kukanda unga wa chapati. Chapati ya kwanza ilikatwa nusu, ya pili robo, ya tatu vipande vinane, na Asumpta aliyekuwa akililia hesabu akaanza kubishana na mdogo wake nani amepata sehemu kubwa, na kuthibitisha. Herufi waliziandika kwenye sinia lenye unga. Walipofika kwenye habari ya Injili ya punje ya haradali, inayokua mti hadi ndege wakakaa matawini, Domina alitoa haradali kwenye kabati la viungo, wakapanda kwenye kopo roshani. Ikaota, lakini jua la pale ni la upande mmoja, ikarefuka na kulala kama uzi. Willy aliitazama kwa muda mrefu.

"Ndege atakaa wapi hapa?" aliuliza.

"Hapa labda akae siafu," Domina alisema, na wote watatu wakacheka.

Walikuwa na desturi ya kushuka chini kila siku kabla ya chakula cha mchana, kuokota kitu cha kusomea: majani, mawe, ganda la konokono. Asubuhi moja ya Oktoba, baada ya mvua ya usiku, walimkuta ndege amelala kwenye lami mbele ya mlango mkubwa wa jengo. Alikuwa mdogo, mgongo rangi ya majani makavu, kifua cheupe chenye madoadoa. Juu yake kulikuwa na kioo kirefu cha ukumbi wa kuingilia.

Domina alitoa mfuko wa plastiki kwenye koti, akauvaa mkononi, akamwinua. Ndege hakuwa na uzito wowote. Alimkunjua bawa taratibu ili watoto waone manyoya yanavyopangana, moja juu ya jingine, na Asumpta akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa.

"Wengine watakuja kesho," sauti ilisema kwa Kiswahili nyuma yao. "Kila mwaka majani yakianza kuanguka, nao wanaanguka."

Alikuwa Bi Shafina, mama mzee wa Kihindi anayeishi ghorofa ya chini. Alizaliwa Mwanza, akaondoka akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Mwanza ya wakati ule. Watoto walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Aliwaeleza kwamba ndege hawa husafiri usiku kwenda kusini kukimbia baridi, na asubuhi wakitafuta mahali pa kupumzika hujigonga kwenye vioo.

"Mimi huwaokota, nikawaweka chini ya yale maua," alisema. "Sipendi wakanyagwe. Na ukikuta mmoja bado anapumua, mtie kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, ufunge juu, umwache gizani atulie. Wengine huamka."

Walimzika ndege wao chini ya maua hayo. Willy aliweka jiwe, Domina akaongoza sala. Walipokuwa wananawa mikono nyumbani, Asumpta aliuliza swali lake, bila kumtazama mama yake.

"Ulisema Mungu anamwona kila ndege anapoanguka."

"Ndiyo."

"Sasa kama anamwona, mbona hakumdaka?"

Domina alifunga bomba. Majibu ya katekisimu aliyajua, na alijaribu moja au mawili moyoni, lakini akayaona hayatoshi kumpa mtoto aliyetoka kushika kifo muda si mrefu. "Sijui, mwanangu," alisema. "Nami ningependa kujua. Tutakuwa tunamuuliza."

Tangu jioni ile, kwenye sala ya usiku, baada ya babu na bibi wa Bukoba na wagonjwa wote, Asumpta aliongeza ndege.

Bi Shafina alisema kweli. Kesho yake walikuta wawili, na siku zilizofuata wengine. Domina akaacha mengine yote wakasoma ndege. Walichora mabawa. Walitafuta kwenye ramani wanakotoka na wanakokwenda, na Willy akajifunza kusoma neno "kusini" kabla ya jina lake la ukoo. Ili kujua kwa nini hawaoni kioo, Asumpta alilala chali kwenye nyasi mbele ya jengo, kwenye baridi, akatazama. Akainuka haraka.

"Mama, humo ndani kuna mti," alisema.

Domina akalala naye. Ilikuwa kweli. Ukiwa chini, kioo hukioni. Unaona mti wa upande wa pili, na mbingu, na matawi yanatikisika.

Mtandaoni alisoma kwamba ndege ataepuka kioo kikiwa na alama kwa nje, zilizokaribiana kiasi kwamba asidhani anaweza kupenya kati yake. Walipima nafasi hiyo na kukuta inalingana na upana wa kiganja cha Asumpta. Kwa hiyo kiganja kikawa rula yao. Domina alikata sabuni ya mche vipande vitatu, wakashuka, wakaanza kuweka madoa, doa, kiganja, doa, kiganja, kila mmoja mpaka anapofikia. Willy alifanya ya chini. Baadhi ya wapangaji walipita wakatabasamu. Mmoja alipiga simu kwenye ofisi ya jengo.

Siku ya pili ya kazi hiyo walimkuta ndege mmoja bado anapumua, macho yamefumba nusu, mdomo wazi. Asumpta alikimbilia kwa Bi Shafina akaleta mfuko wa kaki. Alikuwa ameketi karibu nao, kwenye ngazi, amejikunyata kama mlinzi, meneja wa jengo alipotokea. Aliitwa Rehan, kijana mwenye haraka, mwenye funguo nyingi kiunoni. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima, nani amechafua kioo.

Domina alianza kuomba radhi. Alieleza kuwa ni somo la watoto, kuwa ni sabuni tu, itatoka kwa maji, kwamba alipaswa kuuliza kwanza. Maneno ya Kiingereza yaligongana mdomoni mwake. Rehan alimgeukia Asumpta. "Ni wewe uliyefanya hivi?"

Domina alijua kitakachofuata. Alijua ule ukimya, alikuwa ameuona mwaka mzima. Akaanza kujibu kwa niaba yake.

"Ongea kwa sauti ya chini," Asumpta alisema kwa Kiingereza, taratibu lakini wazi, akiwa bado anaangalia mfuko. "Yuko humu. Bado mzima."

Rehan aliutazama mfuko. Kisha akachuchumaa, na aliposema tena alikuwa ananong'ona. "Nani yuko humu?"

"Ndege. Ameumia kichwa. Akisikia kelele anaogopa, na akiogopa atakufa."

Wakazungumza hivyo hivyo, mtu mzima na mtoto, kwa minong'ono, kuhusu kioo na mti ulio ndani yake na kiganja. Domina alisimama pembeni na kipande cha sabuni mkononi, hathubutu hata kusogea. Mwishowe Rehan aliinuka, akakitazama kioo, akasema madoa yanaweza kubaki mpaka majani yaishe kwenye miti, halafu watasafisha. Lakini kioo hicho kimoja tu, na wasiguse mlango. Akaondoka akishika funguo zake zisilie.

Saa za mchana mfuko ulianza kukwaruza kwa ndani. Waliuchukua hadi bondeni, kwenye kijito kilicho nyuma ya maghorofa, Bi Shafina akiwafuata taratibu kwa fimbo yake. Asumpta alifungua mdomo wa mfuko akauelekeza kwenye vichaka. Ndege alikaa kidogo ukingoni kama anayefikiri, kisha akaruka chini chini na kupotelea majanini. Hawakumwona tena. Willy alitaka kujua kama atafika kusini. Bi Shafina alimwonyesha tu kusini kwa fimbo yake.

Jumamosi Thobias alileta ngazi ya kazini, akapanda, akaweka madoa ya juu ambayo wengine hawakuyafikia. Hakusema mengi. "Hapa kiganja chako kinasemaje?" alimuuliza binti yake kila baada ya mstari, naye akapanda vipandio viwili vya ngazi, akapima. Kioo kile hakikuua ndege mwingine hadi theluji, angalau hawakumwona. Vioo vya majengo ya jirani viliendelea, na waliendelea kuzika.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Walitengeneza pango la Noeli kwa maboksi, wakashona wanyama kwa soksi kuukuu, wakasoma. Asumpta alisoma kitabu kizima peke yake akiwa amejifunika blanketi. Domina alikuwa na furaha ya utulivu ambayo hakuwa nayo tangu ahame Bukoba. Alishaanza kupanga mwaka unaofuata, na Thobias hakuwa tena na neno.

Ndipo mwezi wa tano, wakimenya viazi, Asumpta akasema, "Mama, mwaka ujao nataka kwenda shule."

Kisu cha Domina kilisimama. "Shule ile ile?"

"Ile ile."

"Kwa nini?"

Asumpta aliinua mabega. "Nataka kuwa na rafiki. Willy ni mdogo wangu tu."

Domina alisema ni sawa, wataongea na baba. Kisha akaenda bafuni, akafungua maji yatoe sauti, akalia. Alilia kwa kuwa alijihisi ameachwa na mtoto wa miaka minane, na kwa kuwa alijua ombi hilo ndilo alilokuwa akiliomba kwa Mungu mwaka mzima uliopita. Alipotoka, viazi vilikuwa vimemenywa vyote, kwa maganda manene na membamba, na watoto walikuwa wanacheza.

Septemba, Asumpta alianza darasa la tatu. Mwalimu mpya alisema anazungumza, kwa sauti ya chini, na anapenda zaidi kuongea na msichana mmoja anayeketi karibu naye. Kusoma kwa sauti mbele ya darasa bado anakataa. Domina alisikiliza taarifa hiyo akaona inatosha.

Willy alibaki nyumbani, kwa kuwa yeye hakutaka kwenda popote. Na Prudence, mama wa Kirundi anayesali nao parokiani, alimwomba Domina amchukue pia binti yake Aurore siku ambazo yeye yuko kiwandani. Kwa hiyo asubuhi mkeka hutandikwa kwa watoto wawili. Juma hili wanahesabu kwa maharage, na Willy ndiye kiongozi wa sala. Juzi alianza Baba Yetu kwa kujiamini sana, akakwama katikati. Aurore akaipokea kwa Kirundi, Willy akaingia tena kwa Kiswahili pale alipokumbuka, na Domina akainamisha kichwa, akawaacha wamalize wenyewe.