Mifuko ya Mfadhili

Nilifika machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo baada ya kuchoshwa na Masumbwe, kama nilivyofika Masumbwe baada ya kuchoshwa na Ngokolo. Safari hii sikuingia shimoni. Mtafiti mmoja wa chuo alikuwa ameleta meza ya kutikisa, inayokamata dhahabu bila zebaki, akataka mtu wa kuilisha maji na mchanga.

Mama mmoja mwosha dhahabu alihamishia beseni lake kwetu siku ileile. Zebaki ilikuwa imemharibu mikono. Hata kikombe cha chai alikishika kwa yote miwili, na bado kilimwagika.

Kule maduarani, kwenye mashimo ya kuchimbia, anayewalisha wachimbaji na kununua mafuta ya pampu hutengewa mifuko yake ya mawe yenye dhahabu siku ya mgao. Mwenye duara letu akatenga mifuko kadhaa pembeni.

"Hiyo ya aliyelipia meza," alisema.

Mtafiti akacheka. "Mzee, yule hataki mawe. Ni ufadhili wa utafiti."

"Hataki leo, au hataki kabisa?"

"Kabisa."

"Basi ataondoka. Asiye na mifuko hapa, nini kitamrudisha?"

Mimi shule niliiacha mapema, lakini maswali hayakuniacha. Nilimuuliza mtafiti nani hasa hulipia mambo haya. Alikaa juu ya ndoo, akanieleza kwa sauti ya mtu aliyeyaeleza mara nyingi. Mwenzake aliyesoma naye Ujerumani analipwa na kiwanda, maana kiwanda ndicho kitakachouza atakachogundua. Ziko nchi ambazo serikali ndiyo inayobeba mzigo.

"Sisi serikali inatoa kidogo, viwanda havitoi, tunabaki na wafadhili wa nje. Mwaka huu wanapenda zebaki. Mwakani labda watapenda nyuki."

"Kwa hiyo kiwanda cha mwenzako kina mifuko yake."

"Kinayo."

"Na wewe?"

"Mimi nina ripoti."

Haikufika masika, akapigiwa simu: fedha zimesitishwa, meza irudi. Mwenye duara akamwambia aiache, wataipa mgao wake kama mtu. Mtafiti akatikisa kichwa. Meza si yake, na waliompa hawana mahali pa kuandika mawe katika hesabu zao.

Yule mama alikuwa amesimama na beseni lake. "Na mimi, mwanangu?"

"Nitaomba kwingine, mama."

"Huko kwingine wanajua mikono yangu?"

Tukaipakia meza, gari likaondoka.

Mifuko ilibaki pembeni, ikanyeshewa. Hakuna aliyeigusa, mgao wa mtu hauibiwi, hata kama mtu mwenyewe hajulikani aliko. Mwishowe mwenye duara akamwambia mama aichukue.

Tuliyapeleka mawe kwenye karasha yakasagwa. Mama akachukua chupa ya zebaki, akamimina kwenye beseni. Nusu ikamwagikia chini, akaanza kuiokota kwa kidole mchangani. Nilimwambia apumzike, nimsaidie kuosha.

"Wewe hujui," alisema. "Shika tu beseni."

Nikashika.