Togwa ya Mama Kolumba na Kifo cha Mama Yetu

TANGAZO KWA UMMA. Leo asubuhi mimi, mwanaume wa miaka hamsini na minne, baba wa watoto watano na mmiliki wa kitambi kisichoendana na kipato, nimepiga chafya. Hali yangu inaendelea vizuri. Mke wangu amenihamishia stoo nikalale na magunia ya mahindi, amenitengea kikombe na kijiko, na ameagiza nikohoe kwenye kiwiko kama mtoto wa chekechea. Wananchi mnaombwa mtulie.

Admin, nifichie jina. Ninaishi huku milimani Mbinga, nalima kahawa, na katika kuchuma mimi ndiye wa mwisho kujaza ndoo. Hata shangazi yangu mwenye mguu mbovu hunipita akiimba. Chekeni tu. Mimi mwenyewe ningemcheka sana mtu anayejitenga kwa ajili ya mafua, ila niliacha kucheka msimu wa baridi uliopita, tulipomzika mama.

Kwetu kuna ngokela. Leo mnachuma kahawa kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba anawapikia na kuwapa kinywaji. Siku ile tulikuwa kwa Mama Kolumba (si jina lake), mjane, jirani yetu, rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana. Alitupikia togwa, na togwa ya ngokela inanywewa kwa kikombe kimoja kinachozunguka. Ukikifuta mdomo wake kabla ya kunywa, umewatukana wenzako wote.

Mdogo wangu, nitamwita Baltazari, alikuwa amerudi likizo. Anaendesha lori la makaa ya mawe kule Ngaka na mama alikuwa hajamwona muda mrefu. Alikuja amejifunga blanketi, macho mekundu, anatetemeka, anakohoa hadi anashika mti. Nikamtania, "Dereva mzima unaangushwa na baridi ya nyumbani?" Akasema, "Kaka, mwili wote unauma kama nimepigwa. Ni vumbi la makaa tu." Kikombe kilipomfikia akanywa, na mama akakidaka mkononi mwake kabla hakijaenda kwa mwingine. Shangazi akasema, "Wewe wifi, mwanao anaumwa!" Mama akacheka: "Mate ya mwanangu yatanifanya nini? Si mimi niliyemlisha?"

Wiki ile karibu wote tuliokuwa shambani tulikohoa. Homa ilikuja ghafla, koo likauma, kichwa kikagonga. Mama Kolumba naye aliumwa. Tukalala, tukanywa maji na uji, tukainuka. Mama pia aliinuka, akaota jua, akamsema mke wangu kuhusu chumvi kwenye mboga. Tukashukuru Mungu. Kisha akarudi kitandani. Hakuwa na joto kali, kwa hiyo hatukuogopa. Tukafunga madirisha, tukawasha moto ndani, tukampa vidonge vilivyobaki vya mtoto aliyeumwa zamani. Akawa analala mchana kutwa, anakataa uji, anahema haraka kama aliyepanda mlima. Siku moja akaniita kwa jina la marehemu baba. Tulicheka, jamani. Tulidhani anatania.

Tulipomfikisha hospitali, midomo imebadilika rangi. Daktari alijitahidi sana, ikashindikana. Baadaye aliniita pembeni. "Pole sana, mzee. Inaonekana yalianza mafua makali, halafu ikaingia nimonia, hiyo mnayoiita kichomi. Mtu mzima wa umri wake anaweza asiwe na joto, lakini akihema kwa shida, akichanganya majina, au akipata nafuu kisha akazidiwa, hapo si pa kusubiri." Akaniuliza kama kuna aliyekuwa na mafua karibu naye. Nikamjibu yupo. Sikumtaja.

Msibani Baltazari alilia hadi sauti ikakauka. Kisha akasema mbele ya ukoo: "Mama alitoka nyumbani mzima, akanywa togwa ya yule mama, akaanguka. Alitia kitu kwenye kikombe." Maneno yakashuka kijijini kama mvua ya masika. Msimu huu Mama Kolumba ameitisha ngokela, hakuja mtu. Kahawa yake inakaukia mtini. Juzi nilipita kwake, nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umekuja kuangalia mchawi anavyofanana?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Togwa sikupi, utaogopa."

Tukacheka kidogo, kisha akajifunika uso kwa kanga.

Nilimpigia Baltazari. Nikaanza, "Mdogo wangu, unakumbuka siku ile ulivyokuwa unakohoa?" Akanikatiza: "Kaka, nashukuru Mungu nilikuja hata nikiwa naumwa. Angalau mama alikunywa na mimi mara ya mwisho." Mimi mwenye maneno mengi hivi nikaishia kumuuliza habari za tairi.

Ndugu zangu, nipeni akili zenu, zangu zimefika mwisho. Nikinyamaza, mama wa watu atazeeka na jina la uchawi. Nikisema, nani atamshika mdogo wangu siku atakapoelewa? Mjumbe wa nyumba kumi ameita kikao cha ukoo Jumapili baada ya misa, na Baltazari anakuja. Nimejaribu kuyapanga maneno, nayaandika hapa ili mniambie kama yanasemeka:

Mdogo wangu, ulikuja na mafua na hukujua yana nguvu gani, hata sisi hatukujua. Mama alikunywa kikombe chako kwa sababu alikuwa na hamu na wewe. Wewe ulipona, mimi nilipona, Mama Kolumba alipona. Mama mapafu yake yalikuwa yamechoka. Kwenye togwa hakukuwa na kitu.